Chumba Kidogo cha Mshunami: Kutengeneza Nyumba Mkiwa Wawili

Andiko la msingi: 2 Wafalme 4:8–17. Soma pia Yeremia 29:4–7, Kutoka 31:1–5 na Luka 14:28–30.

 

Jumapili hii nataka tuzungumze jambo ambalo halihubiriwi sana madhabahuni. Tunahubiri juu ya mbinguni, juu ya uponyaji, juu ya milango kufunguka. Leo nataka tuongee juu ya mlango ambao ufunguo wake uko tayari mfukoni mwako: mlango wa nyumba unayoishi na mwenzako. Hata kama ni chumba kimoja. Hata kama ni ya kukodisha. Hata kama mabati yanavuja na mwenye nyumba hashiki simu.

Fungua nami 2 Wafalme sura ya 4. Kulikuwa na mama mmoja wa Shunemu, mji wa kabila la Isakari. Nabii Elisha akipita huko, mama huyu alikuwa anamkaribisha chakula. Siku moja akamwendea mumewe na wazo: wamtengenezee mtumishi wa Mungu chumba kidogo huko juu, wamwekee kitanda, meza, kiti na kinara cha taa. Vitu vinne tu. Biblia yenyewe inavihesabu.

Na huyu mama hakuwa maskini. Maandiko yanamwita mwanamke mkuu. Angetaka, angejaza chumba mpaka nabii akose mahali pa kuweka fimbo yake. Lakini chumba kilikuwa kidogo, na kila kitu kilichoingia kilikuwa na kazi. Nabii alipoingia alipumzika. Wangapi wana nyumba iliyojaa vitu lakini hakuna mtu anayepumzika ndani? Naongea na mtu hapa.

KWANZA: USINGOJE NYUMBA YA KESHO

Wapendwa, tunapenda sana Yeremia 29:11. Tumeuandika kwa saa za ukutani, kwa matatu, kwa kadi za harusi. Lakini wengi wetu tumeruka mstari wa 5. Hiyo barua iliandikiwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Hawakuwa kwao. Walitaka kurudi nyumbani kesho asubuhi. Na Mungu akawaambia kupitia Yeremia wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda yake, waoe, wazae watoto. Kurudi kwao kungengoja mpaka miaka 70 itimie. Ahadi ya mstari wa 11 ilikuja kwa watu walioambiwa kwanza watengeneze mahali walipo.

Sasa angalia sisi. Mtu anaishi kwa ploti miaka minane na bado anasema, "Hii ni ya muda tu, pasta. Nikijenga kwangu utaona." Ukuta umechubuka, balbu iliungua tangu Pasaka, pazia ni shuka iliyopigwa misumari mitatu. Watoto wamezaliwa hapo, wameanza shule hapo, na baba bado anasema ni ya muda. Mpendwa, kodi unalipa kila mwezi kwa pesa za kweli. Miaka unayoishi hapo ni miaka ya kweli. Mtoto wako hatapewa utoto mwingine ukihamia kwako.

Sisemi uache kuomba shamba. Omba! Mimi naamini pamoja nawe. Lakini imani ya kesho isikufanye uishi leo kama mtu aliyeketi stendi akingoja basi.

PILI: KETINI CHINI KABLA YA KUNUNUA CHA KUKETIA

Mwanamke wa Shunemu hakumshtua mumewe na fundi mlangoni. Alimwambia kwanza, na alipomwambia aliongea kwa wingi: sisi wawili tufanye. Naye mzee hakusema, "Hayo ni mambo ya wanawake." Chumba kikajengwa.

Kuna wanandoa wawili wa nyumba hii ya Mungu ambao nimetembea nao, na wameniruhusu niseme habari yao bila majina. Wanaishi chumba kimoja na mtoto wa darasa la pili. Bwana alisikia wakwe wanakuja kutembea. Akaona aibu. Akaenda duka moja akachukua sofa za watu saba kwa lipa pole pole, na amana yake akaitoa kwa mkopo wa simu. Sofa zikaingia nyumba ya futi kumi kwa kumi. Mlango ukawa unafunguka nusu. Mtoto akawa anafanyia kazi ya shule kitandani, amelala kwa tumbo.

Mama naye alikuwa na siri yake. Alikuwa ameweka shilingi elfu kumi na mbili kwa chama, na hakuwa amemwambia bwana kwa sababu aliogopa zitaliwa. Alipoona sofa, alinyamaza. Wengine wakikasirika hupiga kelele, yeye alinyamaza. Miezi mitatu mtu na mkewe wanaongea kupitia mtoto: "Mwambie baba chakula kiko tayari." Wakwe walikuja, wakasifu sofa, wakaenda zao. Malipo ya mwezi wa nne yakakosekana, na wa tano. Gari likaja, sofa zikaondoka, na zile pesa walizokuwa wamelipa hazikurudi. Wakabaki na chumba kitupu na deni la simu.

Nilipoketi nao niliketi kwa mtungi wa maji uliogeuzwa. Mama akaniambia, "Pasta, sikulia sofa. Nililia kwa sababu hakuniuliza." Na bwana akasema jambo ambalo kina baba wengi hapa mnalijua lakini hamlisemi. Alisema, "Nilitaka baba yake aone binti yake hakuolewa na bure."

Kina baba, nisikizeni. Ile haja ya kumheshimisha mkeo ni njema. Mungu ndiye ameiweka. Lakini aibu ikienda sokoni peke yake, inarudi na kitu kikubwa kuliko mlango. Na kina mama, akiba ya siri inaweza kukufanya ujisikie salama, lakini inamfundisha mwenzako kwamba nyumba ina serikali mbili.

Wale wawili walianza upya na daftari la shilingi thelathini. Ukurasa mmoja: kinachoingia, kinachotoka, deni. Ukurasa wa pili: mambo matatu yanayomuumiza kila mmoja katika hicho chumba. Mama aliandika: giza, nguo kwa magunia, mtoto hana mahali pa kuandika. Bwana aliandika: giza, joto la mabati, hakuna mahali pa kukaribisha mtu. Mnaona? Wote wawili walianza na giza. Miezi yote hiyo walikuwa wanagombania sofa, na kumbe walikuwa wanalilia kitu kimoja.

TATU: HESABU GHARAMA, NA PIMA CHUMBA

Bwana Yesu katika Luka 14 anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara. Anaketi kwanza, anahesabu. Basi tuhesabu pamoja, usiogope hesabu kanisani.

Chumba cha futi kumi kwa kumi kina futi 100 za mraba za sakafu. Kitanda cha futi nne kwa sita kinachukua 24, karibu robo ya nyumba. Ongeza meza, jiko, ndoo za maji na pahali pa kupita. Sakafu imeisha. Sasa angalia juu. Kuta nne, kila moja futi kumi kwa upana na tuseme futi nane kwa urefu wa kwenda juu. Hizo ni futi 320. Toa mlango na dirisha, bado ni zaidi ya mara mbili ya sakafu. Tunapigania zile 100 na zile zingine tumeachia kalenda na utando wa buibui! Rafu tatu za mbao ukutani zinaweza kubeba kile ambacho magunia matano yanalalia sakafuni. Mbao za makreti ya kubebea mizigo ukizipiga msasa na kuzipaka mafuta ya mbao zinatoka vizuri, na fundi wa mtaani atakukatia kwa kipimo chako.

Rangi. Lita moja ya rangi ya maji, ukuta ukiwa laini, inapaka karibu mita 10 za mraba mara moja. Chumba hicho ni karibu mita 30 za ukuta. Kwa hiyo lita 3 kwa kupaka mara moja, na lita 6 kwa mara mbili, na ukuta uliokwaruza utakunywa zaidi. Chagua rangi nyeupe au ya maziwa kama dirisha ni dogo, maana rangi nyepesi inarudisha mwanga na rangi nzito inaumeza. Kama ukuta una unyevu, usipake juu yake. Tafuta maji yanatoka wapi kwanza, paa au bomba, la sivyo rangi itabanduka na pesa zako. Dhambi pia iko hivyo, lakini hayo ni mahubiri ya siku nyingine.

Na kabla hujapaka au kupiga msumari, mwambie mwenye nyumba au keateka. Wengine watakubali ununue rangi na wakukatie kwa kodi. Akikubali, aandike. Hata ujumbe wa simu unatosha, usiufute.

Vitu vya mkono wa pili si aibu. Gikomba utapata mapazia na mashuka mazito. Kariokor kuna vikapu vya kusukwa, na kikapu kizuri ni kabati ya nguo za mtoto. Kamukunji mafundi wa jua kali watakutengenezea sanduku la bati, na sanduku likiwekwa mto juu linakuwa kiti. Enda na futi ya kupimia mfukoni. Enda na orodha mliyoandika pamoja. Na ukifika, usinunue kisichokuwa kwa orodha hata kama muuzaji anakuita "kastoma wangu". Mithali 22 inatuonya kwamba anayekopa anakuwa mtumwa wa anayemkopesha. Na ukisoma 2 Wafalme 4 kutoka mwanzo, utakuta kabla ya chumba cha Mshunami kuna mjane ambaye mdai alitaka kumchukulia wanawe wawili. Sura moja, nyumba mbili. Mungu alimaliza kwanza habari ya deni, kisha akatuonyesha habari ya chumba.

NNE: VITU VINNE

Kitanda. Hapa ni pahali pa pumziko na pa wanandoa. Mwenye chumba kimoja, weka pazia la kutenganisha kitanda na sebule. Waya, kulabu mbili na kitambaa kizito. Hata kama una watoto, hasa kama una watoto, ndoa inahitaji mlango, na pazia ni mlango. Tandika kitanda asubuhi. Hakuna pesa inatoka, na chumba kizima kinabadilika.

Meza. Mimi na mama mchungaji tulipoanza maisha Kayole, kwa chumba kimoja, meza ndiyo tulinunua kabla ya kiti. Tulikuwa na sheria: Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kitu kimoja tu kinaingia nyumbani, na lazima sisi wote wawili tukubaliane. Tukikosa kukubaliana, mwezi huo hakiingii kitu. Kuna miezi miwili hakikuingia kitu! Lakini pia hatukuwahi kulala tukigombana juu ya kitu tulichonunua. Ile meza tulikulia ugali, tulipigia pasi, tuliandikia mahubiri, tuliwekea Biblia. Sasa ina miaka kumi na tisa na kijana wetu ndiye anaisomea. Meza ndiyo madhabahu ya nyumba ndogo. Usiifunike kwa televisheni.

Kiti. Kiti ni cha mgeni. Nyumba isiyo na kiti cha ziada inasema, "Tumejifunga." Si lazima sofa. Stuli mbili zinazoingia chini ya meza zinatosha. Na mama, vile vitambaa ulivyofuma kwa mkono wako, vitoe kwa karatasi. Usivingojee sofa kubwa. Mgeni ni huyu wa leo.

Taa. Safisha dirisha kwanza, ndani na nje, maana jua ni la bure. Weka kioo kitazame dirisha, kitatupa mwanga upande wa giza. Badilisha balbu ya zamani na ya LED, inakula stima kidogo na tokeni zinakaa. Lakini usirundike pasi, jiko la stima na televisheni kwa soketi moja ya kuunganisha. Nyaya zikipata moto, ploti nzima inaungua.

Na hapa, wapendwa, nasema kama mchungaji anayewapenda: usilale na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Hata kama makaa yameonekana kuzima. Ule moto unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na mtu hulala asiamke. Ukiziba matundu ya hewa kwa sababu ya baridi ya Julai, umeziba pumzi ya watoto wako. Nyumba nzuri kwanza ni nyumba ambayo watu wanaamka ndani yake.

TANO: UZURI NI KAZI YA ROHO PIA

Kuna mtu ananiuliza moyoni, "Pasta, mapazia na rangi ni mambo ya Roho?" Soma Kutoka 31. Mungu anamtaja Bezaleli kwa jina, na kusema amemjaza Roho. Kwa kazi gani? Dhahabu, fedha, shaba, kukata mawe, kuchonga mbao. Ukiendelea mpaka mwisho wa sura ya 35 utapata na kutarizi na kufuma. Sisi tukisikia kujazwa Roho tunafikiria lugha mpya peke yake. Nazo tunazipokea, haleluya! Lakini Roho huyo huyo aliushika mkono wa fundi, na fundi alikuwa mwanaume anayeshughulika na uzuri. Kwa hivyo kina baba, pazia si la mama peke yake. Shika nyundo. Paka ukuta na mkeo mkiwa na nguo kuukuu, mchekane vile mmejipaka. Hiyo Jumamosi moja itafanya ndoa yenu kazi ambayo hakuna semina inaweza kuifanya.

Wale wawili niliowaambia bado wanalipa deni la simu, limebaki kidogo. Hawana sofa. Lakini mwezi uliopita nilipita kuwaombea. Ukuta ni mweupe. Mtoto alikuwa mezani, anaandika. Yale magunia sikuyaona. Mama aliniambia pesa za chama zilinunua rangi na mbao, na bwana ndiye alipaka, akarudia dari mara mbili kwa sababu mara ya kwanza haikushika. Alisema kwa kicheko, mbele yake. Miezi mitatu bila maneno, na sasa wanachekana juu ya dari.

Angalia pia jambo hili juu ya Mshunami. Elisha alipomuuliza atendewe nini, kama aombewe kwa mfalme, hakutaja kitu. Alijibu kwamba anakaa kati ya watu wake. Chumba hakikuwa mtego wa kuvuta baraka. Mtoto alikuja kama neema. Kwa hivyo usipake nyumba ukimwambia Mungu sasa umwekee gari nje. Tengeneza kwa sababu unashukuru, na kwa sababu yule unayelala naye humo ni zawadi.

KAZI YA WIKI HII

Msingoje mwisho wa mwezi. Moja, Jumatatu au Jumanne jioni, zimeni simu nusu saa, kila mmoja aandike mambo matatu yanayomuumiza nyumbani, halafu mbadilishane karatasi. Mbili, toeni kila deni na kila akiba mezani, bila hukumu. Tatu, chagueni kitu kimoja kisichozidi kile mlicho nacho mkononi. Nne, Jumamosi fanyeni kazi moja isiyo na gharama: kuosha dirisha, kupanga nguo, kugeuza kitanda. Mjane, na wewe kijana unayeishi peke yako, fanya hivyo pia. Bwana anaketi kwenye kiti chako.

TUOMBE

Baba, tunakushukuru kwa paa lililo juu yetu, liwe la mawe au la mabati. Utusamehe pale tulipodharau ulichotupa tukingoja ambacho hujatupa bado. Wale wanaolala wakipeana migongo kwa sababu ya pesa, wape ujasiri wa kuongea leo usiku. Vunja nira ya madeni. Wape kazi wasio na kazi, na utupe hekima ya kutumia kidogo kilichopo. Wewe uliyemjaza Bezaleli, ijaze mikono yetu. Mgeni akiingia kwetu, apate kiti, apate amani, na ajue kwamba Wewe unakaa hapa. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.